Mama Aliyekuja Kukipima Chuo Changu

Salma na Mwanaisha, binti zangu, mwezi umepita tangu niwaachie watoto wa chuo, na magoti yangu yanashukuru. Mmeniomba niandike namna nilivyoifanya kazi ile miaka yote. Malipo sitayataja, kwa sababu hayakuwa na mengi ya kusimulia. Vyeo pia sitavitaja. Katika chuo cha watoto wadogo kuna cheo kimoja tu, nacho kimejaa makamasi.

Nilianza wakati wa Mdachi, boma likiwa limeshajengwa hapa Morogoro na reli haijafika. Bi. Rukia, mwanamke wa Bagamoyo aliyefuatana na mumewe mfanyabiashara mpaka huku, alikuwa akisomesha watoto barazani kwake, kando ya mto. Mimi nilikuwa mjane kijana, sina mtoto, nimesoma kwa marehemu baba yangu mpaka nikahitimu, na nilijiona najua. Nikaenda kumwambia nataka kumsaidia kufundisha. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akanipa ufagio. Nilipomaliza kufagia akaniuliza majina ya watoto waliokuwa wamekaa mkekani. Nikasema siyajui. Akasema basi sina cha kufundisha mpaka niyajue, pamoja na jina la mama wa kila mmoja na nani kati yao hakunywa uji asubuhi.

Watoto walikuwa kumi na mmoja. Siku ile ya kwanza mmoja aliniuma mkono, mwingine akalala juu ya kanga yangu nikashindwa kusimama mpaka adhuhuri. Bi. Rukia alicheka kimyakimya. Jioni akanipa fundisho langu la kwanza, nami nawapa ninyi: mtoto anayelia siku ya kwanza msimweke katikati ya wenzake. Mwekeni karibu na mlango, aione njia aliyojia. Akishajua njia ipo, hataitumia.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na mbao za mninga, tukazipaka udongo mweupe zikakauka. Wino tuliukoroga kwa masizi ya chungu na gundi ya mti. Kalamu zilikuwa za matete tuliyokata mtoni, na Bi. Rukia alizichonga kwa kisu kidogo ambacho hakumwazima mtu, hata mumewe. Somo likishajulikana, ubao unaoshwa ili uandikwe jipya. Maji yale, kwa kuwa yamebeba maneno ya Mungu, hatukuyamwaga njiani watu wakayakanyaga. Tuliyamwaga kwenye shina la mpera uliokuwa nyuma ya nyumba, na mapera yake watoto waliamini yanatia akili. Mimi niliyala sana mwaka ule, na mtaona hapa chini kwamba hayakunisaidia.

Chombo cha mwisho kilikuwa henzirani, fimbo ya kuchapia. Bi. Rukia aliiweka juu ya mlango na ilikuwa nadra kuishusha, ila watoto walijua ipo. Reli ilipofika Morogoro, mama yule akasema alikuja huku kwa miguu na hana nia ya kurudi kwa miguu. Akafunga mizigo yake, akapanda gari la moshi na mumewe kurudi pwani. Akaniachia baraza, mbao, mikeka, na henzirani juu ya mlango. Kisu cha kuchongea kalamu alikwenda nacho.

Mji ulikuwa unakua. Watu walikuja na reli, wengine waliteremka milimani kuuza mazao, na wazazi wakawa na mahali pengi pa kupeleka mtoto. Ng'ambo ya mto kulikuwa na chuo kikubwa cha mwalimu mwanamume, chenye watoto wengi na sauti iliyosikika mpaka sokoni. Misheni walikuwa na watawa, na watoto wa mbali walilala hukohuko. Shule ya serikali ilitaka wavulana wakubwa watakaokuwa makarani. Kwangu walikuja wadogo, wale ambao bado hawajui kufunga nguo zao vizuri.

Wazazi wa siku zile walichagua chuo kama watu wanavyochagua tikiti sokoni, kwa kuligonga nje. Waliuliza mtoto atahitimu lini, nao wamemleta na jino la kwanza halijang'oka. Wengine waliuliza ukoo wangu. Mwenye duka mmoja Mhindi, mtu wa dini ya Kibaniani, alimleta mwanawe ajue Kiswahili na kuhesabu, akaniomba kwa adabu nisimsomeshe Kurani. Nikakubali. Mtoto akawa anakuja na kikombe chake cha shaba, maana kwao hawanywi chombo cha mtu mwingine. Kufika mwisho wa mwezi watoto wote walikuwa wanataka vikombe vyao, na mama zao wakanilaumu mimi. Kijana yule alikaa pembeni akihesabu kunde. Lakini masikio hayana mlango. Siku moja baba yake alimkuta anaimba herufi zetu zote mbele ya wateja, kwa sauti nzuri kuliko wanangu. Mzee akaja kwangu. Nilidhani anakuja kumtoa. Akasema mtoto aendelee, ila nimfundishe kuimba hata hesabu, labda atapunguza kuzikosea.

Sasa nifike kwa mama aliyenifundisha kazi.

Msimu mmoja wa njegere, kila siku ya soko, mwanamke wa Kiluguru alikuwa akija kuketi ng'ambo ya ua wangu na tenga lake la viazi na njegere. Pembeni yake alikaa mtoto wa kike wa kama miaka mitano. Alikaa pale muda mrefu kuliko mtu anayepumzika. Hakusema neno zaidi ya shikamoo. Alitazama. Nikitembea, macho yake yanafuata. Nikiinama kumsafisha mtoto pua, anainama kidogo naye aone. Mimi nikaingiwa na wasiwasi kwamba ametumwa na boma kunichunguza, nikawa siku zake nafagia mara mbili na kusoma kwa sauti ya juu. Nilijichosha bure.

Mara ya nne alikuja mpaka barazani. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali ya ukoo na ya kuhitimu. Akaniuliza, "Mwalimu, mtoto akijikojolea hapa, unafanyaje?"

Nikamwambia ukweli, kwamba namwosha, namfunga kanga yangu ya zamani, na mkeka nauanika. Nikamwonyesha mkeka uliokuwa juani wakati uleule. Akautazama, akaugusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu aliyepata mbegu nzuri. Ndipo aliponieleza. Aliitwa Kidawa, na mtoto ni Mwanamvua. Mumewe alikuwa akifanya kazi ya reli na alikuwa anasogea nayo kuelekea bara. Yeye alilima mlimani, nusu siku ya kupanda kutoka mjini, na kuteremka kuuza. Mtoto alikuwa akishinda juani sokoni. Alikuwa amepita misheni, watawa wakampokea vizuri, lakini mtoto angelala huko naye hakutaka kutengana naye. Alikuwa amepita ng'ambo ya mto, akauliza swali lile la mkojo, mwalimu akaonyesha fimbo. Sasa amekuja kwangu. Angemleta mtoto kila anapoteremka, na wakichelewa kupanda wangelala kwa shangazi yake aliyekaa karibu na soko.

Nikafurahi sana, nasema kweli. Nilijiona nimeshinda mashindano ambayo sikujua kwamba nimo.

Mwanamvua alikuwa mtoto mtulivu, mwenye macho makubwa ya kuchungulia. Alichora kwenye ubao wake saa nzima bila kuchoka. Lakini katika kusoma alinitia hasira. Ninyi mnajua tulivyosoma siku zile: mwalimu anatangulia, alifu, bee, tee, na watoto wanaitikia wote kwa pamoja. Mwanamvua aliitikia wenzake walipokwisha kunyamaza, au hakuitikia kabisa. Nikimwita, mara anageuka, mara anaendelea na ubao wake kana kwamba nimemwita jirani. Nikasema moyoni, huyu ni mkaidi, na ukaidi usipokatwa mapema unaota mizizi.

Wiki ya tatu, nikiwa nyuma yake, nilimwita mara tatu. Hakugeuka. Watoto wengine wote waligeuka, hata mwana wa Mhindi akaacha kuhesabu. Nikaona heshima yangu iko mkekani inakanyagwa. Nikaishusha henzirani, nikamzunguka, nikamwambia anyooshe mkono, nikampiga mara moja.

Hakulia. Alinitazama tu usoni, kama anayetafuta kitu alichokidondosha.

Nilipoinua kichwa, Kidawa alikuwa amesimama uani na tenga lake. Siku ile alikuwa amemaliza kuuza mapema. Nilingoja anitukane, na ningejua la kumjibu. Aliweka tenga chini, akaingia, akanisalimu kama kawaida. Akauchukua ubao wa mtoto, akauosha taratibu, akaenda kumwaga maji penye shina la mpera kama alivyotuona tukifanya, akanirudishia ubao kwa mikono miwili. Kisha akamweka mtoto mgongoni, akamfunga mbeleko, ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea.

Akasema, "Mwalimu, nilidhani umeshaona."

Akaondoka. Mimi nikabaki na ubao mkononi. Nimeona nini? Nikawauliza watoto, nusu kwa hasira, kuna nini kwa Mwanamvua. Wakatazamana. Binti mmoja, Zena, ambaye mpaka siku ile nilimhesabu miongoni mwa wazito wa kichwa, akasema, "Hasikii sikio hili la kushoto, na hili la kulia anasikia kidogo tu. Sisi tunamgusa kwanza." Wengine wakaitikia kwamba ndiyo, wanamgusa kwanza, halafu wanasema. Walikuwa wamejua tangu siku ya pili. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu walidhani mwalimu anajua kila kitu.

Niliwaruhusu watoto mapema, nikakaa barazani peke yangu. Kila kitu kilirudi: alivyogeuza shingo nikisema, alivyotazama midomo yangu, alivyopenda kukaa upande wa ukuta. Kwa wiki tatu nilikuwa nimemwona kila siku ya soko, na sikuwa nimemwona hata mara moja. Na majina ya watoto wote niliyajua, pamoja na ya mama zao.

Siku ya soko iliyofuata Kidawa hakuja. Wala ile ya pili. Shangazi yake akaniambia mtoto yuko mlimani, na kwamba shauri lote sasa liko kwa mjomba wake, Mzee Mloka. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akisema hapana, hata baba hana pa kushika. Nikauliza njia. Shangazi akatazama miguu yangu ya mjini, akacheka, akanikabidhi kwa wanawake wawili waliokuwa wanapandisha matenga matupu.

Kuhusu safari ile nitasema machache, nisije nikalia tena. Njia za Uluguru hazizunguki mlima, zinapanda wima kama ngazi ya kuparamia mnazi. Wale wanawake walipanda wakizungumza. Mimi nilipanda nikiomba. Kila nilipouliza kama tumekaribia walisema ni hapo tu, na "hapo" ilikuwa daima nyuma ya mgongo mwingine wa mlima. Ukungu ukashuka, kanga yangu ikalowa, nikajifunza kwamba kuna baridi katika nchi hii. Alasiri tukafika penye nyumba chache zilizoshikilia mteremko, na mashamba ya viazi vya mbegu ya Mgeta yamelala kama mikeka iliyoanikwa.

Mzee Mloka alikuwa akimenya njegere. Alikuwa mtu mfupi, mikono mipana, mwenye sauti ya chini. Nikampa shikamoo, akanipa marahaba na kigoda, kisha akaendelea na njegere zake. Kidawa alikuwa mlangoni. Mwanamvua alinichungulia nyuma ya mama yake. Majirani wakaanza kusogea mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake ya kupita pale.

Nikaeleza nilichokifanya, bila kukipamba. Nikasema nimempiga mtoto kwa kosa lisilo lake, na kwamba watoto wenzake walikuwa na macho kuliko mimi. Nikasema nimekuja kuomba radhi kwa mzee na kumwomba mtoto arudi.

Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Akaweka ungo chini.

"Radhi unaniomba mimi," akasema, "lakini si mimi niliyepigwa."

Nikaelewa anachotaka, na nakiri kwamba kwa kitambo nilitafuta njia ya kukikwepa. Mwalimu siku zile hakuomba radhi kwa mtoto. Hakukuwa hata na maneno yake. Lakini nilikuwa nimepanda mlima ule, na kushuka bila kitu kungekuwa kupanda mara mbili. Nikainuka, nikaenda mbele ya Mwanamvua, nikapiga magoti ili uso wangu uwe sawa na wake. Nikamgusa bega kwanza. Aliponitazama, nikasogea upande wa kulia nikamwambia polepole, "Mwanamvua, nilikukosea. Nisamehe."

Akamtazama mama yake. Akamtazama mjomba. Kisha akaushika mkono wangu, akaugeuza kiganja juu, akanichapa kwa vidole viwili, mara moja, kwa makini sana, kama mtu anayeweka nukta mahali pake.

Majirani wakaangua kicheko. Kidawa akacheka mpaka akashika mlango. Nami nikacheka, machozi yakinitoka, sijui ya nini hasa. Mzee Mloka ndiye pekee aliyebaki na uso wake, akaokota ungo na kusema sasa tumelingana. Akatoa masharti mawili. Mama akae ndani ya chuo mwezi mzima, aone, na asiketi tena nje ya ua kama mwuza viazi. Na fimbo isiguse mtoto wa ukoo wake. Nikasema haitagusa mtoto wa ukoo wowote. Usiku ule nikalala kwao karibu na moto, nikashiba njegere.

Niliporudi nilibadilisha chuo, na namna mnayofundisha ninyi leo ilianzia hapo, kama mlikuwa mkijiuliza kwa nini hatukai kwa safu. Tukakaa duara, kila mtoto auone mdomo wangu. Nikaacha kusema nikiwa nimegeuka. Kila herufi ikapata pigo lake la mikono juu ya mkeka, na Mwanamvua akaishika kwa kiganja kilichowekwa mkekani, maana mkeka hutikisika wenzake wanapopiga. Zena nilimketisha kuliani kwake, na nikagundua kwamba mtoto niliyemwita mzito alikuwa mwalimu kuliko mimi. Henzirani niliifunga kamba kati ya misumari miwili, tukatundikia mbao zikauke. Kidawa alikaa ule mwezi wake. Wiki ya kwanza alinitazama mimi. Wiki ya pili akaanza kutazama ubao wa mwanawe. Kufika ya nne alikuwa anaandika alifu yake mwenyewe kwa kidole kwenye vumbi, akiifuta kila nikipita.

Mwanamvua alichukua muda mrefu kuliko wenzake, sitawadanganya. Sauti yake ilikuwa bapa, haipandi wala haishuki, na wageni walidhani anasoma kwa kuchoka. Lakini hakumeza herufi hata moja, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, jambo ambalo nilimwambia mara moja tu, kwa afya yangu.

Siku alipomaliza juzuu yake ya kwanza, Mzee Mloka aliteremka mwenyewe na mbuzi, Kidawa nyuma yake na nusu ya kijiji. Mwanamvua akaketi katikati, akasoma. Mzee hakujua hata herufi moja, lakini alikaa kwa kuinama mbele, macho kwenye midomo ya mtoto, mpaka akamaliza. Kisha akanishukuru kwa maneno machache, kama desturi yake.

Nilidhani yameisha. Akageuka, akawavuta watoto wawili waliokuwa wamejificha nyuma ya mbuzi, mmoja amefungwa nguo kinyumenyume, mwingine ameshaanza kulia. Akawasukuma taratibu mbele yangu.

"Hawa wawili wanasikia vizuri," akasema. "Sijui kama utawaweza."

Nikamchukua yule anayelia, nikamweka karibu na mlango.